Mwiko wa Samaki

Katika utoto wangu, nyumbani kwetu Kariakoo, niliamini kwamba ndani ya sikio la bibi yangu alikaa mtu. Si mimi peke yangu niliyeamini hivyo. Mama aliamini, na wapangaji wetu wengi waliamini, hata wale waliokuja wakicheka mambo ya pwani. Walipopita mbele ya chumba cha bibi walinyata. Sasa umri wangu unaukaribia ule aliokuwa nao yeye, na nimeshapewa maelezo mengine ya yaliyomsibu. Hata hivyo, hadi leo nikila samaki mkono wangu huenda wenyewe sikioni, kupapasa kama bado lipo wazi.

Bibi Mwanahawa, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa mkaanga samaki. Alfajiri alikwenda Feri kununua, akarudi na kapu lake kichwani, na ikifika saa nne karai lilikuwa linachemka kwenye baraza la nyumba yetu. Wapagazi wa sokoni walikula kwake, na wenye maduka walituma vijana wao. Alijua nani anapenda mkia, nani anataka kichwa, nani ana mke mjamzito asiyeweza kustahimili shombo. Mimi aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na alinipa vipande vilivyokatika.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Mteja aliomba changu, akapewa kibua. Mwingine aliuliza kama pilipili ipo, bibi akamjibu kwamba mvua haitanyesha. Watu walicheka, na yeye akacheka nao bila kujua kinachochekwa. Kisha ikaja habari ya shikamoo. Vijana walimwamkia, naye akakaa kimya akigeuza samaki. Kwa mtu mzima wa mtaa ule, kuacha shikamoo ya mtoto wa mwenzio ipotee hewani lilikuwa jambo zito. Wakaanza kusema kwamba Bi. Mwanahawa siku hizi anajiona.

Siku moja jioni, karai limeshaoshwa na kuegemezwa ukutani, alimwita mama.

"Salma, kazime jiko. Mafuta yanaungua."

"Jiko nimeshazima, mama. Hakuna kitu motoni."

Bibi alikwenda mwenyewe uani kutazama. Aliinama juu ya majivu, akayagusa kwa kidole. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi niliyemfuata nilimshika kanga.

"Lakini nayasikia," alisema. "Yanachemka humuhumu kichwani."

Ndipo mama alipompeleka Mchikichini kwa Bi. Tunu, mganga aliyekaa nyuma ya wauza mitumba. Nilichukuliwa ili nimshike bibi mkono barabarani. Bi. Tunu hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mnene, mpole, anapumua kwa shida, na chumba chake kilinukia ubani na nguo zilizokaa sana kwenye maroba. Alimsikiliza mama. Kisha akaweka sikio lake juu ya sikio la bibi na kukaa hivyo kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Yumo," alisema. "Ruhani. Ni mtu msafi, anapenda vitu visafi. Miaka yote hii mama yako anamfukizia shombo. Amechoka, amefunga mlango. Hayo mafuta anayoyasikia yanachemka ni yeye ananung'unika."

"Tufanye nini?" mama aliuliza.

Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Bibi aache kukaanga samaki, na asile samaki wala dagaa wala chochote cha baharini. Aache mchicha na matembele, kwa sababu vinaota kwenye matope ya bonde la Msimbazi na ruhani hapendi matope. Ale vyeupe na vitamu. Na kila Alhamisi alasiri atengewe chano: halua, tende, mkate mweupe, sharbati. Atakula yeye, lakini mlaji ni yule aliye ndani.

"Siku akitia samaki kinywani," Bi. Tunu alimalizia, "mlango utafungwa moja kwa moja, na baada ya hapo litakuja balaa. Nimesema."

Anayesoma haya leo anaweza kutushangaa. Ila akumbuke sukari ilikuwa nini wakati ule. Ilikuwa ndiyo kwanza inarudi madukani baada ya miaka ya foleni, miaka ya kunywa chai bila sukari au kuungaunga na chumvi. Kumkorogea mama yako chai ikawa nzito kama asali ilikuwa kumwambia kwamba hapana unachomnyima. Mama alikesha akishona nguo za watu ili chano kisikose kitu. Alikipanga kile chano kwa mikono yake, akakifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na hakuna siku hata moja niliyomsikia akilalamika. Sisi watoto tulipewa makombo. Tulimpenda sana yule ruhani.

Bibi aliliacha baraza. Wateja walizoea kwenda kwingine. Alikaa kitandani au kwenye kiti cha ukumbini akitazama watu wakipita, na chai yake pembeni. Kwanza alinenepa, watu wakasema ameanza kupona. Baadaye akaanza kukonda. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka safari ya jua kali, na kutwa alikuwa njiani kwenda chooni. Usikivu wake haukurudi. Uliendelea kupungua, mpaka ikawa mimi ndiye wa kumwambia dunia inasema nini. Mtu akiongea, bibi hunitazama mimi badala ya kumtazama msemaji. Na Bi. Tunu kila alipoletewa habari alijibu kwamba ruhani bado hajaridhika, tuongeze.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ya Kiswahili, na chumba cha mwisho karibu na uani alikaa Mama Elly. Walitoka Kilimanjaro, mumewe akiuza sufuria na ndoo mtaa wa pili. Alipoletwa pale akiwa bibi arusi hakujua hata kukuna nazi, na bibi ndiye aliyemkalisha kwenye mbuzi na kumfundisha. Kwa hiyo alimwita bibi yangu "mama", na sidhani kama alilisema neno hilo kwa mazoea tu.

Siku moja alimfuata mama yangu uani. Nilikuwa nafua sare yangu ya shule.

"Mama Zuhura, nisamehe kwa nitakalosema. Huyu mama anahitaji chakula. Angalia mikono yake. Hivi vitu vitamu mnavyompa si chakula."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa anachekecha.

"Mama Elly, nyinyi mna ya kwenu na sisi tuna ya kwetu. Tuheshimiane."

Hawakugombana. Mama Elly alirudi chumbani kwake. Lakini siku chache baadaye, wakati wa mchana mama akiwa kwa wateja wake wa ushonaji, nilimkosa bibi kitini. Nilimkuta chumbani kwa Mama Elly, ameketi mkekani, mbele yake wali, mchicha, na changu wa nazi. Alikuwa anamchambua samaki kwa vidole vile vilivyozoea, mwiba huku, nyama huku, bila kutazama. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu aache baraza. Alininyooshea kipande, nikakipokea, nikala.

Nilisubiri balaa siku ile yote. Halikuja. Bibi alikwenda tena, na tena, na mimi sikumwambia mtu, kwa kuwa yeye alikuwa mkubwa na mimi mdogo, na kwa kuwa alionekana kufurahi. Nikitazama nyuma napenda kudhani kwamba siku zile alisikia vizuri zaidi kidogo. Siwezi kuapa.

Kisha likatokea la mkokoteni. Bibi alitoka peke yake kwenda kununua tambuu pembeni mwa soko, mahali alipopita maisha yake yote. Wapagazi wa Kariakoo husukuma mizigo mikubwa kuliko wao, na breki yao ni mdomo. Anayepita huwa anawasikia kabla ya kuwaona: mguu, mguu, mguu, na watu wanajitenga bila hata kugeuka. Siku ile wote walijitenga. Bibi alibaki katikati ya njia anafungua kifundo cha kanga atoe hela. Gurudumu lilimpanda unyayo.

Walimleta nyumbani juu ya mkokoteni uleule, juu ya magunia ya viazi. Kijana aliyeusukuma alikuwa analia waziwazi.

"Nilimpigia kelele, mama," alimwambia mama yangu. "Wallahi nilimpigia kelele tangu kule."

Wanawake walimwingiza bibi ndani, na mama akaanza kumwosha vumbi. Alipomshika mikono kuiosha, alisimama. Aliinua kiganja cha bibi hadi puani. Akakishusha, akainua kingine.

"Nani amempa samaki?"

Nilificha viganja vyangu mgongoni. Mama Elly alitoka chumbani kwake akijifuta mikono kwa kanga, kama vile alikuwa anangoja kuitwa.

"Mimi. Amekula kwangu leo, na si leo tu. Alikuwa na njaa, Mama Zuhura."

Mama hakumjibu. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimgeuzia mgongo, akaendelea kumwosha bibi, na nyumba nzima ikajua la kufanya. Jioni Bi. Tunu aliletwa, akatazama mguu, akasema alishasema. Tangu hapo maji ya bomba yalikuwa yakiisha Mama Elly akifika. Watoto tulikatazwa kucheza na Elly. Aliyepika alihamisha jiko lake mbali na la yule mama. Mumewe alijaribu kuwasemesha wanaume wenzake barazani, wakampa salamu na hawakumpa zaidi.

Walihama kabla ya mwezi kwisha. Vyombo vilipokwisha kupakiwa, Mama Elly aliingia kwa bibi kuaga. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mikono yote miwili, akasema maneno mengi kwa sauti ndogo. Bibi alinitazama mimi.

"Anasemaje?"

"Wanahama, bibi."

"Kwa nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, na yeye akatazama pembeni. Bibi aliuliza tena, na tena hakuna aliyemjibu. Mama Elly aliinuka, akapita mbele ya mama yangu, akatoka.

Kile kidonda cha mguu kilikataa kukauka. Kikizibika huku kinafumuka kule. Chano sasa kiliwekwa kila siku, kwa kuwa ruhani alikuwa amekasirika. Halua, tende, sharbati. Bibi alipochelewa kumeza, mama alimlisha kwa kijiko huku akimbembeleza. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshabadilika rangi mpaka juu ya kifundo, na hakurudi. Msibani watu walisemezana kuhusu samaki. Walisema Bi. Tunu aliona mbali. Nimekua na maneno hayo. Yalipochukuliwa na wengine kama hadithi ya kutishia watoto, kwangu yalikuwa habari ya nyumba yetu.

Nyumba ile haipo. Pamesimama ghorofa, chini maduka, juu bohari. Mimi naishi Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na mama nipo naye. Ameshazeeka. Tangu mwaka juzi nilianza kuona dalili ambazo nilikuwa nimeziona zamani: televisheni inayosikika hadi ngazini, majibu yasiyofanana na maswali, tabia ya kutazama midomo ya watu. Mjukuu alimwamkia siku moja, shikamoo bibi, na mama akaendelea kupepeta mchele. Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa masikio.

Daktari alikuwa dada wa umri wa binti yangu, mwenye subira. Alimpima masikio, akampima na damu. Akatuuliza tunakula nini nyumbani. Nikamwambia mama hupenda chai yake iwe na sukari ya kutosha, mkate mweupe, wali, na kwamba tangu nipate akili sijamwona akipenda samaki. Alitikisa kichwa akiandika.

Alitueleza taratibu. Sikio la ndani, alisema, linalishwa na mishipa ya damu myembamba mno, na sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi huiharibu mishipa ile, kama inavyoharibu ya macho na ya miguu. Umri nao una sehemu yake, na kelele, na damu mtu aliyozaliwa nayo. Chakula peke yake hakimfanyi mtu kiziwi, wala hakimponyi. Ila anayekula samaki, mboga za majani, maharage na matunda, akapunguza sukari, huenda masikio yake yakamfikisha mbali zaidi uzeeni. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kutunza.

"Na mtu akisikia mlio kama wa mafuta yanayochemka?" nilimuuliza.

"Ni kawaida sana," alisema. "Wengine husikia nyuki, wengine mvua. Sikio likianza kuchoka hufanya hivyo."

Mama alinivuta mkono anataka kujua daktari amesema nini. Niliinama sikioni mwake nikamwambia ushauri tu: apunguze sukari, ale mboga, ale samaki. Yanayohusu mishipa na miguu niliyaruka. Nilijua ni nani aliyekuwa akikoroga ile chai, na sikuona sababu ya mzee kubebeshwa hilo.

Alasiri tuliporudi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mtandio ungali kichwani. Nilidhani amechoka.

"Umenikatia maneno," alisema.

"Maneno gani, mama?"

"Ya sukari na miguu. Huyo daktari wako nilikuwa namtazama mdomo. Na hayo nilishaambiwa."

Nikasogeza kigoda.

Akanieleza. Siku aliyompeleka bibi hospitali, daktari wa zamu alimwita kando, akamwambia mama yake ana ugonjwa wa sukari, tena wa siku nyingi. Akamuuliza wamekuwa wakimlisha nini. Mama akasema, chakula cha kawaida. Yule daktari akamwambia mguu umeliwa na sukari, na kwamba kama macho na masikio yalikuwa yamepungua, basi huenda ni hiyohiyo.

"Nikarudi nyumbani," mama alisema. "Nikakuta watu wamejaa uani wanangoja habari. Wanasema samaki. Kile chumba cha mwisho kimeshapata mpangaji mwingine. Nikaketi nao."

"Hukumwambia mtu?"

"Ningesema nini, Zuhura? Kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakoroga?"

Hakulia. Alikunja ncha ya mtandio na kuikunjua. Ningeweza kumwambia kwamba hakujua, na ni kweli, lakini alilokuwa ananiambia lilikuwa la baada ya kujua. Miaka yote ile mwanamke mmoja alibaki kuwa ndiye aliyemuua Bi. Mwanahawa kwa sahani ya changu.

"Mtafute," alisema baadaye. "Kabla sijawa kiziwi kabisa. Nataka nimsikie akinijibu, hata kama ni matusi."

Haikuwa kazi ngumu, na hilo linaniuma pia. Watu wa Kilimanjaro wenye maduka Kariakoo wanajuana. Niliuliza duka hili na lile, nikaelekezwa, na nikamkuta Elly, mtu mzima mwenye mvi, anauza sufuria kama baba yake, mwendo mdogo tu kutoka ilipokuwa nyumba yetu. Nilijitambulisha. Alinikumbuka. Alinipa kiti na soda, nikaikataa soda. Nikamweleza yote, tangu Bi. Tunu mpaka yule daktari wa zamu, nikiwa nimeinamisha kichwa, watu wakiingia na kutoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alishafariki," alisema. "Tulimzika nyumbani, Moshi."

Nikampa pole. Nikamuuliza kama marehemu aliwahi kutuzungumzia.

"Hapana. Ila hakupenda Kariakoo. Hata hapa dukani kwangu hakuja. Nikimwomba aje aone, anasema miguu inauma." Akainuka. "Asante kwa kuja, dada. Ngoja nimhudumie huyu mteja."

Nilitembea kurudi Mchafukoge badala ya kupanda kitu. Mama alikuwa dirishani. Alinitazama usoni nilipoingia, nadhani akawa ameshajua, lakini alitaka kusikia.

"Mama Elly amefariki," nilisema.

"Nani?"

Nikasogea, nikapandisha sauti. "Mama Elly. Amefariki."

"Sikusikii, Zuhura."

Nikasema kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na chini barabarani wauza vitenge wakainua vichwa kutazama dirisha letu. Jina ambalo mama hakulitaja tangu nikiwa msichana mdogo, sasa nililitangaza mtaani kama mnadi. Safari hii alisikia. Aliitikia kwa kichwa, polepole, akageukia dirishani.

Simlaumu Bi. Tunu. Alisema alichokiona, na alimpenda mgonjwa wake. Wala simlaumu mama kwa kile chano, maana sijaona tena mtu akimtunza mzazi vile. Nikifikiria habari ile sasa, ruhani na sukari vyote vinarudi nyuma, na ninayemwona ni bibi kitandani, mikono yake imeshikwa na mtu anayeondoka, anatutazama mmoja baada ya mwingine na kuuliza kwa nini. Alikuwa kiziwi, lakini swali aliliuliza. Sisi tuliokuwa na masikio tulimsikia vizuri.